Kwa Nini Paka Anahama Nyumba?

Mavuno ya masika yakiisha kuingizwa ndani, kila kaya ya mkulima katika wilaya za Kibaha na Kisarawe hupata wageni isiowaalika. Wageni hao ni panya. Hutoka mashambani wakifuata mahindi na mpunga uliowekwa darini, na makopa yaliyofungwa katika viroba. Hapo ndipo watu wa nyumbani hukumbuka kwamba walikuwa na paka. Mtu huuliza, "Hivi yule paka wetu yuko wapi?" Na jibu huwa lile lile: "Alikwisha hama huyo."

Wengi husema paka ni mnyama asiye na shukrani, kwamba hana mwenyewe. Wengine huona kuna mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba paka haondoki bila sababu, na mara nyingi sababu hiyo imo ndani ya nyumba aliyoihama. Jambo hili linaingia katika ukurasa wa afya kwa kuwa paka anayezurura huleta hasara mbili. Nyumba aliyoiacha hubaki mikononi mwa panya. Na siku akirudi, hakuna ajuaye ameumwa na mnyama gani huko alikokuwa.

Tuanze na historia kidogo, maana inasaidia kuelewa tabia yake. Paka wa nyumbani anatokana na paka wa porini wa Afrika na Mashariki ya Kati. Ndugu yake wa karibu bado anaishi katika mapori yetu, naye tunamwita kimburu. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, panya walifuata nafaka, na paka akafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus limepatikana kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, ambamo mtu alizikwa na paka kando yake. Kwa hiyo paka hakuletwa nyumbani kwa kamba kama ng'ombe au mbuzi. Alikuja mwenyewe kwa sababu alipata riziki na usalama. Akivikosa vitu hivyo viwili, hufanya kama walivyofanya babu zake: huenda panapopatikana.

Njaa ni sababu ya kwanza

Katika vijiji vingi iko imani kwamba paka akilishwa hawindi. Kwa ajili hiyo watu humnyima chakula kwa makusudi, wakitumaini njaa itamfanya akamate panya zaidi. Imani hii si sahihi, nayo ndiyo inayopoteza paka wengi kuliko jambo jingine lolote.

Hamu ya kuwinda ya paka haitegemei njaa peke yake. Paka aliyeshiba akiona kitu kidogo kinakimbia ukutani, atakivizia na kukirukia hata kama hatakila. Pengine umewahi kuona paka anamwacha panya mzima mlangoni. Huyo aliwinda akiwa ameshiba. Paka mwenye njaa yeye hakai kulinda dari lako. Huenda mbali, tena hupendelea chakula rahisi. Huingia jikoni kwa jirani, hukaa chini ya meza za wauza samaki, hula vifaranga. Pale Mlandizi sokoni au Kisarawe mjini paka hawakosi kwenye migahawa, na baadhi yao bila shaka walianza maisha katika kaya fulani ambako hawakupewa kitu.

Hapa pia pana hatari ya ugomvi. Paka anayekula vifaranga vya jirani hadumu. Atapigwa rungu au atawekewa sumu, na mwenyewe atabaki akisema amehama. Katika hesabu ya paka "waliohama" wamo wengi waliokwisha kufa: wengine wamegongwa na magari katika barabara ya Morogoro, wengine wamekula sumu, wengine wameuawa na mbwa.

Basi paka alishwe nini? Paka ni mla nyama. Mbwa anaweza kustahimili kwa ugali na mabaki, lakini paka hawezi kuishi kwa ugali mtupu. Mwili wake unahitaji kitu ambacho hupatikana katika nyama na samaki tu. Akikikosa kwa muda mrefu macho yake hufifia na moyo wake hudhoofika. Kiganja kimoja cha dagaa kilichochanganywa na ugali kidogo kinatosha kwa siku, maana panya watajaza sehemu iliyobaki. Dagaa wenye chumvi nyingi waoshwe kwanza. Vichwa na matumbo ya samaki yanafaa, lakini yapikwe. Usimpe mchuzi wenye vitunguu vingi, kwani vitunguu huharibu damu ya paka. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumboni. Maziwa si lazima. Paka wengi wakubwa huharisha wakiyanywa. Kinachotakiwa kila siku ni maji safi katika kifuu au kibakuli, kwa sababu paka anayetafuta maji naye huzurura.

Katika sehemu za Kisarawe na Kibaha liko jambo moja la pekee ambalo lafaa litajwe. Tuchukue mfano wa kaya moja ya Maneromango yenye shamba mbali na nyumba. Mpunga au mahindi yanapokaribia kuiva, watu huhamia shambani wiki nyingi kulinda nguruwe, ngedere na ndege. Huchukua sufuria, mikeka na watoto. Paka huachwa. Anakaa siku mbili tatu akilia mlangoni, kisha huondoka. Miezi miwili baadaye watu wanarudi na mavuno, lakini mlinzi wa mavuno hayo hayupo tena. Dawa yake ni ndogo: jirani mmoja, au bibi anayebaki nyumbani, aachiwe dagaa na aombwe kumlisha paka jioni pale pale nyumbani kwake, si kumpeleka kwake. Ukimpeleka kwa jirani atakuwa wa jirani.

Dume na jike

Sababu ya pili ni kutafuta mwenzake. Paka dume akifikisha miezi sita hivi huanza kutoka usiku, na eneo analozunguka huwa kubwa mara kadhaa kuliko la jike. Hupigana na madume wengine, hurudi na masikio yaliyochanika na majipu shingoni, na kila safari huongeza siku za kutoonekana. Hatimaye huwa paka shume, mkubwa, mkali, asiyekubali kushikwa na mtu.

Jike naye akiingia katika joto hulia usiku kucha kwa sauti inayofanana na ya mtoto mchanga. Watu wengi huiogopa sauti hiyo na kuiona ya uchawi. Si uchawi, ni jike anayeita madume. Katika nchi za baridi paka hupumzika kuzaa wakati mchana unapokuwa mfupi. Kwetu, karibu na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo jike aweza kuingia katika joto mwezi wowote, na asipopandwa hurudia tena baada ya wiki mbili au tatu. Akipandwa hubeba mimba kwa muda wa miezi miwili na siku chache.

Iko njia ya hakika ya kupunguza mizunguko hii, nayo ni kumhasi dume na kumfunga kizazi jike. Umri wa miezi mitano au sita unafaa. Dume aliyehasiwa hupunguza sana kutembea na kupigana, wala haachi kuwinda. Hofu kwamba atakuwa mvivu haina msingi. Lakini kazi hii ni ya daktari wa mifugo, mwenye dawa ya ganzi na vifaa safi. Kumkamata paka na kumhasi kwa wembe nyuma ya nyumba ni ukatili, na kidonda chake huweza kumuua. Muulize Bwana Mifugo wa kata yako lini daktari wa wilaya atapita, au umpeleke ndani ya tenga lililofungwa vizuri. Kaya tano au sita zikijiunga na kumwita mtaalamu mara moja, gharama ya safari huwa nyepesi kwa kila mmoja.

Jike aliyezaa huweza kutoweka kwa sababu nyingine. Ukimsumbua, watoto wa nyumbani wakiwashika-shika vichanga, au pakiwa na kelele na moshi, huwabeba kwa mdomo mmoja mmoja na kuwaficha vichakani. Mwekee tenga au boksi lenye kitambaa katika pembe tulivu yenye kiza, umwache kwa wiki mbili za kwanza. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya saba mambo hubadilika: wakati huo ndipo vichanga wazoezwe mikono ya watu, kidogo kidogo kila siku. Paka ambaye hakuguswa na mtu katika wiki hizo hukua akiwa nusu kimburu, na huyo kumkalisha nyumbani ni kazi ngumu. Wala usimchukue mtoto wa paka kabla hajatimiza wiki nane kwa mama yake. Kwa mama ndiko hukomaa na kujifunza kuwinda.

Ugonjwa anaoweza kurudi nao

Jina la kichaa cha mbwa hutupotosha. Watu husikia "mbwa" wakadhani wanyama wengine hawahusiki. Paka akiumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye kichaa, naye hupata ugonjwa huo na humwambukiza mtu kwa kumuuma, au kwa mate yake kuingia katika kidonda. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaopata ugonjwa huu wameupata kwa mbwa. Lakini mbwa humwona akija. Paka hulala mkekani na watoto.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua kiasi cha watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Ugonjwa huu hushindwa kabla ya dalili, si baada yake.

Paka mpole aliyerudi baada ya siku nyingi akawa anajificha gizani, akibadilika sauti, akitoka mate, akirukia watu bila kuchokozwa au akiyumba miguu ya nyuma, asishikwe. Watoto waondolewe, mlango ufungwe, na Bwana Mifugo aitwe haraka. Mtu aliyeumwa au kuparuzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Asipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu, na asikae nyumbani kusubiri kuona itakuwaje. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chanjo ya kumkinga mtu baada ya kuumwa hutolewa kwa sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na haipatikani katika kila zahanati. Mganga wa zahanati atamwelekeza pa kwenda, kwa mfano hospitali ya Tumbi pale Kibaha au hospitali ya wilaya ya Kisarawe. Paka mwenyewe, kama anaweza kufungiwa bila mtu mwingine kuumwa, asiuawe bali afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende kutibiwa.

Hata paka mzima meno yake ni membamba na huingia ndani sana. Mkono ulioumwa na paka huweza kutunga usaha kwa siku moja au mbili. Hilo nalo si la kudharau.

Kinga ni chanjo. Paka huchanjwa kichaa cha mbwa akiwa na miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Pale kijijini linapotangazwa zoezi la kuchanja mbwa, mpeleke na paka katika kiroba chenye matundu ya hewa. Ni jambo la kusikitisha kuona mtu anakokota mbwa wanne hadi ofisi ya kijiji, na paka anayelala na wanawe amebaki nyumbani.

Mfungie usiku, tena ghalani

Sasa tuje kwenye njia ya kumkalisha. Paka hutembea zaidi jioni, usiku na alfajiri. Usiku ndipo madume hupigana, mbwa wako huru, na dereva haoni kitu barabarani. Usiku pia ndipo panya hutoka. Kwa hiyo njia iliyo bora na isiyo na gharama ni hii: mlishe paka kila siku saa ile ile, jua linapozama, ndani ya chumba chenye nafaka, kisha ufunge mlango hadi asubuhi. Mwachie maji, na karai au boksi lenye mchanga la kujisaidia. Nafaka iwe katika viroba vilivyofungwa au kihenge kilichofunikwa, asije akajisaidia humo.

Hapo paka amewekwa palipo na kazi yake. Baada ya wiki mbili tatu ataizoea saa hiyo, na utamkuta anakungoja mlangoni magharibi. Wengine hugonga sahani ya bati kila wanapomlisha. Paka huijua sauti hiyo na huitika hata akiwa mbali.

Usiwadharau panya kwa kuona wachache. Panya shamba, ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro wamemchunguza kwa miaka mingi, hubeba mimba kwa wiki tatu na siku chache tu, naye huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja. Paka akikosekana mwezi mmoja, mahesabu yameharibika. Tena panya hawali tu. Mkojo wao huchafua chakula na maji. Mwezi wa Julai mwaka 2022, wilaya ya Ruangwa katika mkoa jirani wa Lindi ilipata mlipuko wa homa ya mgunda, ugonjwa unaoenezwa kwa mkojo wa wanyama wakiwamo panya, na watu 3 walikufa. Katika wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga, tauni inayobebwa na viroboto vya panya ilianza mwaka 1980 ikawa inarudi kwa miaka mingi.

Ukiamua kutumia sumu ya panya, jua kwamba panya aliyekula sumu hulegea, na paka humkamata kwa urahisi. Mfungie paka chumba kingine siku zote za sumu, uokote panya waliokufa na kuwafukia kina kirefu. Mwarifu na jirani, maana paka wake naye hupita kwako. Jambo hili linafaa kuzungumzwa katika mkutano wa kitongoji, lisiachwe kwa mtu mmoja mmoja.

Zipo njia nyingine zinazosemwa na watu. Kumkata paka ndevu hakumzuii kutembea. Hizo ndevu humwonyesha upana wa tundu gizani, na ukizikata unamharibia uwindaji. Kumfunga kamba shingoni ni hatari, kwani akiruka dirishani hujinyonga. Kumzungusha ndani ya kiroba ili asahau njia hakusaidii kitu.

Kaya inayohama nyumba ina kazi zaidi. Siku hizi watu wengi wanahamia viwanja vipya Kibaha na Kisarawe wakitoka Dar es Salaam, au wanajenga kitongoji cha pili. Paka huzoea mahali kuliko anavyozoea watu, na akiachiwa mapema hurudi alikotoka au hupotea njiani. Msafirishe ndani ya tenga pamoja na kitambaa alichokuwa akilalia. Mfungie ndani ya nyumba mpya wiki mbili au tatu. Siku ya kwanza ya kumtoa, mtoe jioni akiwa na njaa kidogo, muda mfupi kabla ya chakula chake; njaa hiyo ndiyo itakayomrudisha mlangoni.

Mama mjamzito asisafishe mchanga wa paka kama yuko mtu mwingine wa kuufanya. Katika kinyesi cha paka huweza kuwamo vijidudu vya ugonjwa uitwao toksoplasmosi, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo mchanga ukitolewa kila asubuhi na kufukiwa, hatari hupungua sana. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mboga za bustanini zioshwe vizuri, kwani paka hupenda kufukia kinyesi katika udongo laini.

Paka akikosekana, usianze kumtafuta mbali. Mara nyingi huwa amefungiwa katika ghala la jirani, yuko juu ya mwembe, au amejificha chini ya kitanda au nyuma ya kihenge kwa kuwa anaumwa. Zunguka nyumba za karibu usiku kelele zinapotulia, ugonge sahani yake, kisha usimame na kusikiliza. Rudia hivyo kwa siku kadhaa. Akirudi, mwangalie shingoni, miguuni na mkiani kama ana majeraha ya kuumwa, ukiwa umefunika mikono yako kwa gunia. Akiwa na jeraha na hakuchanjwa, mtenge na watoto na umwone Bwana Mifugo kesho yake asubuhi.